UZI: Kunde zimebunguliwa ndani ya ndoo iliyofungwa! Mwaweka nafaka kwenye vyombo gani?

#1 Mama wa Bombolulu
Assalaam aleikum jamani. Mimi na mashoga zangu wanne tulichanga pesa tukanunua vyakula kwa jumla soko la Kongowea hapa Mombasa, kujiandalia Ramadhani mapema kabla bei hazijapanda. Mchele, kunde, pojo, mbaazi, na ngano ya kupikia boko boko. Fungu langu, kunde zikiwa kilo nne, nikalitia kwenye ndoo nyeupe za lita 20, mpya, nilizonunua duka la vifaa vya ujenzi. Mifuniko nikaibana mpaka ikalia.

Jana nafungua ndoo ya kunde nasikia kama mtu akwaruza karatasi. Kutia mkono, ungaunga mtupu. Kila kunde ina kitundu kimoja cha duara, safi kabisa, utadhani kimetobolewa kwa sindano ya cherehani. Vijidudu vya kahawia vimejipanga upande wa ndani wa mfuniko, wala havina haraka. Na ndoo ya mchele iliyo kando yake, zagusana, haina hata mmoja.

Hivi chombo kilichofungwa chaingiliwa vipi? Na nyinyi mwatumia vyombo gani vinavyodumu? Sitaki cha kununua kila mwaka. Shoga mmoja yuwaniambia mapipa ya bati, mwengine yuwaniambia chupa.

#2 Dalali wa Kongowea
Waaleikum salaam. Mama, ndoo usiilaumu. Fukusi wa kunde hangoji ghala. Yuwaanza shambani, kunde zingali kwenye maganda. Ataga yai juu ya punje, buu latoboa laingia, lala humo humo ndani, na likishakuwa mdudu kamili ndipo latoka. Kile kitundu ulichokiona si cha kuingilia, ni cha kutokea. Ulinunua kunde na wenyewe, ukawafungia mlango na chakula ukawawekea.

#3 Kijana Mtwapa
Na kodi akawalipia 😂

#4 Fundi wa Bati
Watu washaanza biolojia, mtu kauliza chombo. Pipa la bati ndugu zangu. Mamangu nilimtengenezea moja 2009, mfuniko wa kuvalia juu, mpaka leo latia mchele. Panya wa Mji wa Kale mwawajua. Ndoo ya plastiki kwao ni biskuti. Bati akilitafuna atapoteza meno.

#5 Shangazi Tudor
Fundi, mamako akaa wapi? Maana pipa langu liliona kaskazi moja na kusi moja, basi. Hapa kwetu upepo wa kijito waingia mpaka kabatini. Kutu ilianzia chini, pale kwenye mshono wa lehemu. Siku naligeuza nilioshe, kitako kikabaki sakafuni. Sembe ya mwisho ilikuwa na rangi ya matofali na watoto walishaila wiki nzima wakisema ina ladha ya ufunguo.

#6 Fundi wa Bati
Shangazi, pole, lakini uliliweka juu ya nini? Watu mwaweka pipa chini kwenye sakafu, halafu mwapiga deki kwa maji ya kisima. Maji ya visima vyetu yenyewe ni supu ya chumvi. Pipa liinuliwe juu ya vibao au matofali, lipate hewa chini.

#7 Shangazi Tudor
Kwa hivyo nimnunulie pipa na kitanda chake.

#8 Mkemia wa Mtaa
Naomba nitenganishe mambo matatu ambayo mwayachanganya: mdudu, unyevu, na plastiki.

Mdudu, Dalali kasema kweli. Naongeza kwamba hata wa mchele na mahindi hufanya hivyo, tena yeye hutoboa punje kwanza, akataga ndani, akaliziba tundu. Huwezi kuliona yai. Kwa joto letu hili mzunguko mmoja ni kama wiki tano. Ukinunua nafaka leo ikiwa safi machoni, usiihesabu safi mpaka mwezi na kitu upite.

Unyevu ni adui mwengine kabisa. Ukifunga nafaka mbichimbichi kwenye chombo kisichopitisha hewa, mdudu utamuua lakini utafuga koga. Na koga nyengine hutoa sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 kule Ukambani mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 kati ya wagonjwa 317. Mahindi yatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuyafungia. Huna kipimo? Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia nafaka kidogo na chumvi kavu, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, rudisha nafaka juani.

Plastiki: ndoo ya duka la ujenzi imetengenezewa rangi na saruji. Angalia kitako. Kukiwa na alama ya kikombe na uma, hiyo ni ya chakula. Ikiwa hakuna alama yoyote, weka maji ya deki.

#9 Nahodha wa Jikoni
Mkemia, mimi naangalia namba iliyo ndani ya pembetatu. 2 na 5 ni za chakula, zingine hapana. Ndivyo nilivyofunzwa.

#10 Mkemia wa Mtaa
Namba yakwambia ni plastiki ya jamii gani tu, ili anayeiyeyusha upya ajue. Mtungi wa dawa ya kuulia magugu unaweza ukawa namba 2, na mtungi wa maziwa pia namba 2. Utatia maziwa kwenye ule wa kwanza?

#11 Kijana Mtwapa
Inategemea ni maziwa ya nani.

#12 Mbara wa Mikindani
Habari wanauzi. Nawapa siri ya Ukambani: lile gunia la tabaka tatu. Ndani mifuko miwili ya plastiki nzito, nje gunia la kawaida. Unajaza, unakamua hewa, unapindua shingo na kuifunga kila mfuko peke yake, wa ndani kwanza. Wadudu waliomo wanapumua oksijeni yote mpaka inawaishia, wanakufa bila dawa. Lilibuniwa kwa ajili ya kunde hizo hizo, huko Kameruni, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, miaka ya 1980. Mimi naweka maharagwe humo toka mavuno mpaka mavuno.

#13 Kuze Kwetu
Wewe una shamba na gunia la kilo 90. Yule mama ana kilo nne za kunde kwenye fleti ya Bombolulu. Kila akitaka kupika afungue fundo tatu, akamue hewa tena? Atahamia kwenye chipsi.

#14 Mbara wa Mikindani
Hilo nakubali. Gunia ni la kuweka, si la kuchota. Ukilifungua kila siku umelipatia hewa mpya na kazi imeharibika. Na panya akilitoboa ni hivyo hivyo. Hata Osama naye hutoboa.

#15 Kijana Mtwapa
Nani??

#16 Mbara wa Mikindani
Dumuzi. Yule mdogo mweusi wa silinda anayegeuza mahindi unga kabla hujafika kwa posho mill. Wakulima wetu wamempa jina hilo. Aliingia nchini baada ya 2001 ndio maana.

#17 Dalali wa Kongowea
Jina ndilo lililoingia baada ya 2001. Mdudu mwenyewe alionekana Taveta 1983, katokea Tanzania ambako alianza Tabora. Asili yake ni Amerika ya Kati. Anatoboa hata mbao. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa yuwasema zamani mahindi yalikaa mwaka, huyu akaja, miezi mitatu wapata makapi.

#18 Binti Kaloleni
Kwetu bibi hakuwa na ndoo wala gunia. Alikuwa na lutsaga, dari ya fito juu ya jiko. Mahindi yakipanda na maganda yake yapigwa moshi kila siku asubuhi na jioni. Yalikuwa meusi kama mkaa kwa nje, ukimenya ndani meupe. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa juu kwa sababu ni mwepesi, nashuka nikinuka kama samaki wa kuoka, shuleni wanicheka. Lakini siwakumbuki fukusi. Sijui ni moshi au ni ukavu.

#19 Shangazi Tudor
Mwenye nyumba wangu akiona moshi dari ya jikoni tutakaa wote kwenye lutsaga.

#20 Kuze Kwetu
Sisi Mji wa Kale ilikuwa debe. Lile debe la mafuta la pembe nne, mfuniko wa kukata na kuuwekea mkono. Mchele wapimwa kwa pishi, pishi moja vibaba vinne. Nyumba zile za mawe na boriti za mikoko stoo yake ilikuwa chini, kuta nene, giza, baridi mchana kutwa. Nafikiri kilichohifadhi ni ile stoo, debe lapewa sifa bure. Leo twaweka vyakula juu ya kabati chini ya mabati, ukipapasa ndoo saa nane mchana ni kama tumbo la mgonjwa wa malaria, halafu twashangaa wadudu wazaana.

#21 Ustadh wa Majengo
Kwa hiyo pishi ya fitri ni kilo ngapi, mbili na nusu au tatu? Maana mwaka jana tulibishana.

#22 Kuze Kwetu
Toa tatu ulale usingizi.

#23 Nahodha wa Jikoni
Mbili na nusu yatosha, imamu wetu alieleza kwamba swaa, hiyo pishi ya fitri, ni kipimo cha ujazo, mchele na tende uzito wao si mmoja...

#24 Msimamizi
Fitri ina uzi wake. Rudini kwenye ndoo.

#25 Nahodha wa Jikoni
Sawa. Mimi natumia mitungi ya mafuta ya kupikia ya lita 20, ile ya njano. Shingo nyembamba, kifuniko cha kuzungusha, hewa haipiti. Nikishajaza nawasha kipande cha mshumaa nakitia juu, nafunga, kinazimika chenyewe. Oksijeni kwisha. Gunia la kilo 50 laingia mitungi miwili.

#26 Dalali wa Kongowea
Nahodha usiwapoteze watu. Lita 20 si kilo 20. Mchele kwenye ndoo ya lita 20 ni kama kilo 16, ukigongagonga labda 17. Gunia la 50 lataka ndoo tatu na kopo la kasuku la masalio. Unga ndio kabisa, kilo 11 au 12 ndoo ishajaa. Watu huja kwangu walalamike nimewapunja kumbe wamepima kwa macho ya ndoo.

#27 Mkemia wa Mtaa
Na mshumaa huzimika oksijeni ikiwa bado kama asilimia 16. Hewa ya kawaida ni 21. Fukusi kwa 16 anasoma gazeti. Halafu mshumaa ukiungua hutoa mvuke, umemuongezea unyevu bure. Mtungi wako wafanya kazi kwa sababu umeujaza mpaka shingoni na kifuniko kimebana. Hewa iliyobaki ni kidogo, wadudu waimaliza wenyewe.

#28 Nahodha wa Jikoni
Miaka sita natumia mshumaa na kunde zangu nzima.

#29 Mkemia wa Mtaa
Jaribu mwaka wa saba bila mshumaa utuletee habari.

#30 Shangazi Tudor
Nahodha, huo mtungi wauosha vipi? Mimi nilijaribu mara moja. Mafuta yaliyobaki ndani yaliganda kwenye pembe ambazo mkono haufiki, yakachacha, mchele wote ukanuka mafuta ya sambusa ya jana. Nilitikisa na mchanga, na maji moto, na sabuni, na mchanga tena. Mpaka leo nautumia kutekea maji kaunti ikikumbuka kuyafungua.

#31 Mpwani Ughaibuni
Nawasalimu kutoka Doha. Huku twatumia vile vifuko vidogo vya kunyonya oksijeni, vina unga wa chuma. Mtu akija likizo nitawatumia.

#32 Kijana Mtwapa
Vile vya ndani ya maboksi ya viatu? Mimi ninavyo karibu thelathini.

#33 Mkemia wa Mtaa
HAPANA. Vya viatu vyanyonya unyevu, si oksijeni. Havifanani kazi. Na vimekaa na viatu.

#34 Mama wa Bombolulu
Ahsanteni, nasoma zote. Naona nimeambiwa kunde zilikuja na wadudu, ndoo si ya chakula, nyumba ni moto, na mshumaa. Sasa mbona mchele haukuguswa? Ni ndoo zile zile, duka lile lile, kabati lile lile.

#35 Dalali wa Kongowea
Fukusi wa kunde hali mchele. Hata ukimpikia.

#36 Bi Mwarobaini
Mimi nastaajabu hakuna aliyetaja majani. Mwarobaini ukaushwe kivulini, tandika chini, katikati na juu. Pilipili kavu nayo, na karafuu chache kwenye mchele wa pilau. Mamangu hakununua chombo cha maana maisha yake yote, alikuwa na kapu la ukindu na mwarobaini mlangoni.

#37 Fundi wa Bati
Na wadudu wakikataa?

#38 Bi Mwarobaini
Wakikataa ni majani machache.

#39 Jirani wa Makadara
Jirani zangu Wahindi hupaka mbaazi za kupasua mafuta ya nyonyo, kidogo tu mikononi wanazisugua mpaka zing'ae, halafu waosha kabla ya kupika. Nilicheka mpaka nilipoona zao zakaa mwaka.

#40 Mkemia wa Mtaa
Hilo si uchawi. Mafuta huziba yai lisipate hewa. Hata mafuta ya kula yafaa, kijiko kimoja cha chai kwa kilo ya kunde. Ila usipake mchele ukadhani ni sawa, utachacha.

#41 Mpwani Ughaibuni
Friza je? Mimi nikinunua chochote kinalala friza usiku mmoja kwanza.

#42 Mkemia wa Mtaa
Usiku mmoja wamsinzisha tu. Yatakiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, siku nne. Na ukiutoa usifungue mfuko papo hapo. Uache urudi joto la chumba ukiwa umefungwa, la sivyo hewa ya Mombasa itatoa jasho juu ya nafaka baridi, urudi kwenye koga.

#43 Kuze Kwetu
Siku nne na tokeni za stima bei hii? Afadhali niwape wadudu kunde wale.

#44 Binti Kaloleni
Jua ni bure. Zitandaze juu ya karatasi nyeusi ya plastiki, funika na plastiki ang'avu, zungusha mawe kingo zote. Ikipita nyuzi 57 kwa saa nzima hata mayai yamekufa. Kuanika wazi kwenye mkeka hakutoshi, wakubwa wakimbia tu wangojee uanue.

#45 Mtu wa Bandari
Mwaonaje mapipa ya bluu yale ya lita 200 na ya 60, yana pete ya chuma ya kubana? Niliona yauzwa kando ya barabara, bei nzuri, mpira wa mfuniko mzima.

#46 Fundi wa Bati
Yalikuja na nini ndani?

#47 Mtu wa Bandari
Muuzaji kasema juisi.

#48 Fundi wa Bati
Wote husema juisi. Mimi ni mtu wa bati sina haja ya kusifia plastiki, lakini pipa lile kama kweli lilikuwa la chakula hakuna chombo kizito kama hicho. Nusa ukiwa umelifunga siku mbili juani. Likinuka sabuni, dawa au rangi, liache. Plastiki haisahau. Kuna jamaa alinunua, akatia unga wa ngano, chapati zikawa na harufu ya shampuu.

#49 Kijana Mtwapa
Chapati laini zisizokatika ncha.

#50 Muuguzi wa Likoni
Naingia kwa jambo moja tu. Kuna watu wananunua vile vidonge vya gesi vya kwenye maghala na kuvitia kwenye pipa la nyumbani. Tafadhalini. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi inayoua, na haichagui fukusi na mtoto aliyelala chumba cha pili. Afadhali kunde zenye matundu.

#51 Shangazi Tudor
Kweli kabisa. Mimi nimeishia kwenye chupa. Zile kubwa za glasi za pipi za dukani na za achari. Kutu hakuna, harufu hakuna, panya hawezi, na nikiona kitu chatembea nakiona kwa nje kabla sijatia mkono. Nachota za wiki mbili kwenye chupa, zilizobaki kwenye ndoo za mayonezi ninazonunua kwa wapishi wa hoteli, zile zenye mpira ndani ya mfuniko. Shida ya chupa ni moja, mjukuu.

#52 Kuze Kwetu
Mpira wa mfuniko ndio chombo, mwengine wote ni ukuta. Nenda kaangalie ndoo zako mama. Zile za ujenzi mara nyingi hazina mpira, zabana plastiki kwa plastiki.

#53 Dalali wa Kongowea
Hata zingekuwa na mpira, kilo nne za kunde kwenye ndoo ya lita 20 ni robo tu. Robo tatu ni hewa. Wangepumua mpaka Idi.

#54 Mama wa Bombolulu
Marejesho, wiki sita baadaye. Nilinunua ndoo tatu za mayonezi kwa kijana wa hoteli Nyali, zina kikombe na uma chini, mpira mzima. Kunde mpya nikaziweka juani kama alivyosema Binti Kaloleni, nikazigawa kwenye ndoo hizo tatu, ni ndogo za lita 5, nikajaza mpaka juu. Moja nikatia mwarobaini kwa heshima ya Bi Mwarobaini. Moja mafuta. Moja sikutia kitu.

Leo nimefungua zote. Ya mafuta safi. Isiyo na kitu safi. Ya mwarobaini ina wadudu.

#55 Fundi wa Bati
😂😂😂

#56 Bi Mwarobaini
Majani yalikauka sawasawa au yalikuwa mabichi? Umewapelekea maji.

#57 Kuze Kwetu
Mpira wa ndoo hiyo uko sawa?

#58 Mama wa Bombolulu
Uko sawa. Majani niliyakausha siku tatu. Ila sasa mwanangu wa pili yuwaniambia hiyo ndiyo ndoo aliyoifungua kutafuta sarafu yake iliyopotea, akasahau kuifunga usiku mmoja. Au mawili. Hakumbuki.

#59 Mkemia wa Mtaa
Basi jaribio limekufa, lirudiwe.

#60 Bi Mwarobaini
Halikufa, mwarobaini umesingiziwa.

#61 Nahodha wa Jikoni
Ungetia mshumaa.

#62 Mfugaji wa Mishomoroni
Sijachangia lolote lakini nimesoma uzi wote. Hizo zilizobunguliwa usitupe dada, nina kuku arubaini. Niko karibu na wewe.

#63 Mama wa Bombolulu
Karibu, ndoo. Na uje na ndoo yako, hizi zangu sitoi.